Vidole Viwili Mezani kwa Bibi Yako

Muganyizi mwanangu,

Nimekaa kwenye meza ya bibi yako hapa kijijini Ijumbi, jua bado liko juu, na nina hasira. Nakuambia mapema ili usihangaike kuitafuta. Barua ya mzazi huanza kwa kuuliza afya. Afya yako naijua. Nilikusikia asubuhi kwenye simu ukicheka na wenzako, kabla hujaniambia kwamba leo huji.

"Baba, chumba nimeshalipia," ulisema. "Ni hapa Bukoba, karibu na uwanja wa ndege. Na pesa yake hairudi nikighairi."

Nikakujibu kwamba bibi yako naye akishaondoka harudi.

Ukasema, "Baba, usianze."

Nikakata simu. Sasa ndiyo nimeanza.

Sitakuandikia habari za kufunga sanduku wala mahali pa kuficha pasipoti. Hayo unayajua kuliko mimi. Kazi yako ya kuuza mitambo ya sola imekupitisha viwanja vingi vya ndege, na kesho asubuhi unahamia Istanbul kwa mkataba ambao hata wewe hujui utaisha lini. Nataka kukueleza jambo lililotokea Jumapili mbele ya macho yako, nawe hukuliona. Na nataka kukueleza uongo nilioutunga siku hiyo hiyo, kwa sababu yako.

Jumapili uliwaleta rafiki zako kula hapa. Bibi yako aliamka mapema kumenya ndizi. Samaki aliagiza kwa mtu wa kisiwa cha Bumbire, akamkataa wa kwanza kwa kuwa macho yake hayakumridhisha. Mlipofika hamkuketi vizuri kabla ya kuanza. Yule kijana mnayemwita Kapteni, ambaye nilidhani ni rubani hadi nilipoambiwa anauza bima, alikuwa wa kwanza.

"Mzee, hizi ndege ndogo za pangaboi zinatetema," aliniambia. "Mimi siku hizi chini ya Saba Nane Saba sipandi."

"Kutoka Bukoba kwenda Mwanza utaipandia wapi hiyo?"

"Ndiyo maana nateseka, Mzee."

Mkacheka, nami nikacheka. Ilichekesha kweli. Kisha dada mwenye miwani akaingia na lodge zake. Kuna moja Mwanza kitanda kizuri ila taulo wanakupa kama leso. Kuna nyingine Dodoma chandarua kina tundu, mbu wanaingia kwa foleni. Kuna moja Nairobi ya bei ya chini kabisa, chai ya asubuhi imeonyeshwa majani tu, haikuyagusa. Kapteni akasema afadhali hiyo, yeye amelala mahali ambapo bafu liko kabatini. Wewe ukawapita wote kwa hoteli ya Addis Ababa ambayo dirisha lake linatazama ukuta, na ukutani wamechora dirisha.

Zamani Mhaya akitaka kujikweza alisema *nshomile*, yaani nimesoma, na watu wa mikoa mingine wakatucheka kwa hilo hadi leo. Lakini aliyesema *nshomile* angalau ungeweza kumuuliza amesoma nini, na angekujibu mpaka ukajuta. Ninyi nilipowauliza mlikutana na nani Addis Ababa, mlitazamana. Kapteni akasema, "Watu wa mapokezi walikuwa poa." Hilo ndilo jibu lililopatikana katika mji wa mamilioni ya watu.

Siwapendi rafiki zako. Nimejaribu. Yule dada ana akili, na Kapteni si mtu mbaya, lakini wanazungumza kama watu waliofika kila mahali na hawakwenda popote.

Bibi yako Kiswahili anakisikia, Kiingereza hapana. Ninyi mlipofika kwenye nyama ya mazungumzo mkahamia Kiingereza. Yeye alikuwa amesimama mlangoni na sinia la ndizi, akisubiri mumpishe. Kapteni akauliza nyumba hii ipewe nyota ngapi. Dada akasema usimfanyie hivyo mwenye nyumba. Nawe, mwanangu, ukanyanyua vidole viwili. Ukaeleza: choo kiko nje, kitanda kigumu, jogoo anaamsha watu bila idhini. Ukaongeza kwamba chakula peke yake ni nyota nne. Mkapiga meza kwa kicheko.

Mlipoondoka bibi yako aliniita kule jikoni.

"Ferdinandi, Muganyizi alikuwa anahesabu nini kwa vidole?"

Mimi ni mtu niliyefundishwa kueleza. Miaka yote ya kazi yangu ya kuonja kahawa nimekaa mbele ya wanunuzi na wakulima nikieleza kwa nini kikombe hiki kina ladha ya udongo na kile hakina, na sijawahi kukwepa swali. Siku hiyo nilikwepa. Nilimtazama mama yangu, mikono yake myeusi kwa utomvu wa ndizi, nikasema, "Siku, Mama. Alikuwa anasema zimebaki siku mbili. Jumanne atakuja kulala hapa, umuage."

Uongo ule ulinitoka bila kukwama. Nilidhani nimewaokoa nyote wawili.

Tangu Jumapili jioni bibi yako anajiandaa. Amekata nyasi mbichi mwenyewe, zimetandazwa sebuleni juu ya saruji, nene, zinanukia hadi barabarani. Hilo halifanyi kwa kila mgeni. Askofu alipopita alitandaziwa nyasi. Ameanika blanketi. Amechagua kahawa, ile ya kutafuna, iliyochemshwa na majani na kukaushwa, akaweka pembeni matunda mazuri. Nawe utaratibu wa nyumba hii unaujua, ingawa umejifanya kuusahau. Anayekwenda mbali haagwi barabarani wala kwa simu. Hulala chini ya paa la mkubwa wa nyumba. Asubuhi mkubwa huyo hulipasua tunda moja la kahawa, ndani mna punje mbili, moja hutafuna anayeondoka na nyingine hutafuna anayebaki. Kisha wanapita migombani kumwambia babu yako, pale alipolala, kwamba fulani anatoka. Basi. Hakuna hotuba. Padre mwenyewe alipoulizwa kama kuna ubaya, alisema haoni, mradi rozari isaliwe pia.

Mimi niliagwa hivyo nilipokwenda chuoni. Nilikuwa na haraka kama wewe. Nilitafuna ile punje nusu, nusu nyingine nikaitema nyuma ya nyumba kwa sababu ilikuwa chungu. Sikukaa kuwaza maana yake. Maana yake nilikutana nayo baadaye sana, hotelini.

Sikiliza hili, kwa sababu sijawahi kukusimulia. Ulikuwa mdogo. Nilikuwa nimetumwa Nairobi kwenye mkutano wa waonjaji, nikapata chumba cha bei nafuu ghorofa ya nne, safi, kitanda laini. Nilifika nimechoka, nikatundika kwenye kitasa kile kibao kinachosema nisisumbuliwe. Nilikuwa nakipenda sana kibao hicho. Nyumbani kwa mama yangu hakuna mlango usiogongwa. Hata ukiumwa kichwa atagonga akuulize kama kichwa kinauma. Basi nilikitundika, nikalala, na homa ikanikuta humo. Malaria. Nilitetemeka mpaka kitanda kikasogea. Sikuweza kuinuka. Simu ya chumbani ilikuwa mezani, na meza ilikuwa mbali kama Mwanza. Nilimsikia mfagiaji akipita na ndoo yake, akifika mlangoni, akisimama, akiondoka. Alisoma kibao akakiheshimu. Siku ya pili vilevile. Wenzangu wa mkutano walidhani nimerudi Bukoba. Mwishowe aligonga kijana wa mapokezi, kwa adabu kubwa, kuuliza kama ninaongeza usiku mmoja. Ndiye aliyenikuta nimejikunja kama senene kwenye chupa.

Hakuna aliyenikosea. Ndicho ninachotaka ukielewe. Hoteli ilifanya kila kitu sawasawa. Ungeipa nyota nne. Kosa lilikuwa la mtu aliyelala mahali ambapo hakuna hata mmoja anayejua jina lake, halafu akafunga mlango na kutundika ombi la kuachwa.

Na nilipopona nilifanya kosa kubwa zaidi. Nilirudi nyumbani na sabuni.

Unazikumbuka zile sabuni ndogo? Kila safari nilikuletea. Sabuni, vichupa vya shampuu, kadi ya ndege inayoonyesha milango ya dharura, hata mifuko ya kutapikia ambayo mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akiihifadhia mbegu za mchicha. Ulizipanga sabuni dirishani. Ulikuwa ukikaa mapajani mwangu ukiniuliza, "Baba, ya wapi ni nzuri? Ndege ipi inapaa haraka?" Nami nilikujibu kila mara, kwa urefu, kama ninavyopenda. Nilikueleza kwa nini ndege yenye bawa juu ni bora kwa kutazama chini, na ipi ina kiti cha kubana magoti. Sikukwambia kuhusu homa. Sikukwambia kuhusu mzee wa Kiganda niliyeketi naye kutoka Entebbe, aliyekuwa anakwenda kumzika mwanawe na ambaye alinishika mkono ndege ilipoanza kushuka, nami nikaona aibu nikajifanya nimelala. Nilikuletea sabuni. Wewe ulipokea ulichopewa. Kwa hiyo ninapokukasirikia, jua kwamba naona pia ni nani aliyekufundisha, na hilo halinipunguzii hasira hata kidogo. Linaiongeza.

Usidhani nachukia ndege. Nazipenda mpaka leo. Ile ndogo ya pangaboi mnayoidharau ndiyo inayopita chini kiasi cha kukuonyesha Bumbire, na mitumbwi yake imevutwa mchangani kama ndizi zilizopangwa sokoni. Kule juu kwenye hiyo Saba Nane Saba ya Kapteni unaonyeshwa filamu. Na sisi wa Bukoba tuna tabia moja ambayo wageni hawaielewi. Ndege ikianza kushuka juu ya ziwa, tunanyamaza. Hata mlevi hunyamaza. Mtu anayenyamaza hivyo anajua kwamba kuna watu chini wanaomngoja. Nakutakia uwe na sababu ya kunyamaza kila unaposhuka mahali, hata huko ambako hakuna anayekujua bado. Tafuta mmoja. Mwuza mkate, bawabu, mwanamke anayefua mashuka. Mwambie jina lako na umwulize lake. Ukikawia siku mbili bila kuonekana, awe mtu wa kugonga bila kuuliza habari ya kuongeza usiku.

Na hicho kibao usikitundike. Afadhali usumbuliwe.

Nilikuwa nimefika hapo katika kuandika, na nilikusudia kumalizia kwa maneno makali. Nilikuwa nimekwishayapanga. Nilitaka kukuambia kwamba usipokuja leo usinipigie simu kutoka Istanbul, kwamba nitaufunga mlango wa nyumba yetu ya Bukoba na ufunguo utaukuta kwa jirani. Deo, jirani yetu hapa mwenye gari, nilimwomba akuletee barua na asubiri jibu. Basi bibi yako akaingia na mzigo mwingine wa nyasi, akaona kalamu.

"Unamwandikia nani, naye anakuja jioni?"

Nikaiweka kalamu chini. Nikamwambia. Huji. Umekodi chumba Bukoba. Na vile vidole havikuwa siku.

Alizishusha nyasi, akazitandaza kwa mguu bila kuharakisha.

"Nilijua havikuwa siku," alisema. "Mtu hacheki vile akihesabu siku za kumuaga bibi yake."

"Sasa, Mama, kwa nini umefanya kazi yote hii?"

"Nilidhani ukiniona nakata nyasi utaona aibu umwite kweli. Umemwita?"

"Nimempigia asubuhi."

"Ukamwita au ukamgombeza?"

Jibu wewe unalijua.

"Ferdinandi, waitu," akasema, na anaposema neno hilo la upole kwa sauti ile ujue unapigwa, "tangu utoto wako ukitaka mtu aje unamfukuza kwanza. Sasa hizo nyota zilikuwa ngapi?"

Nikamuuliza nani amemwambia habari za nyota. Akasema yule dada mwenye miwani alimfuata jikoni kabla hamjaondoka, akamwomba radhi kwa Kiswahili, akamweleza yote; bibi yako alikuwa ananipima tu. Kwa hiyo ninaifuta nusu ya niliyosema juu yake. Nusu ya Kapteni inabaki.

"Mbili, Mama."

"Mbili ni haki," akasema. "Kitanda kile ni kigumu. Hata mimi kinaniumiza. Choo nimekuambia mwaka hadi mwaka ukijenge ndani, wewe unaandika barua."

Kisha akauliza swali ambalo mimi, mwenye shahada, sikulifikiria.

"Hicho chumba chake kina vitanda vingapi?"

"Sijui. Huenda viwili. Mara nyingi huwa viwili."

"Basi kimoja changu."

Nilimweleza. Unanijua, nilimweleza kila kitu. Nikamwambia kwamba utaratibu unataka anayeondoka alale chini ya paa la mkubwa wa nyumba, si mkubwa wa nyumba akalale chini ya paa la mtu wa lodge. Nikamwambia barabara, umri, mgongo, baridi ya ziwani. Nikamwambia itakuwa aibu kwetu, mama wa mtu kwenda kulala nyumba ya kupanga hali ana nyumba yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza wanasiasa.

"Paa ni bati, huku bati, na huko bati," akasema. "Mkubwa ni mimi. Mimi nikilala hapo, hapo ndipo kwangu."

Nikasema basi twende wote. Akakataa. "Wewe baki ulishe kuku. Ukija utagombana naye mlangoni, na watu wamelipia usingizi."

Sasa hivi yuko chumbani anavaa gomesi yake ya Pasaka. Deo ameshawasha gari, anapiga honi kana kwamba anabeba bibi harusi. Matunda ya kahawa yamefungwa kwenye kona ya kitenge chake. Ya kumwambia babu yako ameyamaliza mwenyewe. Nimemwona dirishani akisimama pale migombani, akizungumza na kuelekeza mkono upande wa Bukoba, nadhani akimweleza njia. Barua hii anakuletea yeye. Maneno yale makali ya mwisho nimeyaacha. Sikuyaacha kwa kuwa hasira imeisha. Haijaisha, nitakaa nayo hapa na kuku. Nimeyaacha kwa sababu atakuwa amesimama mbele yako ukisoma, na uso wako anausoma haraka kuliko wewe unavyosoma herufi.

Watu wa mapokezi wakiuliza ni nani, usiseme ni mgeni wako. Wakidai kulipia mtu wa pili, lipa kimya. Atakuamsha kabla ya jogoo kusali, na hapo hakuna jogoo, kwa hiyo atakuamsha mapema zaidi. Mpe kitanda cha karibu na mlango. Punje atakayokupa itafune yote, hata ikiwa chungu.

Na jambo moja la mwisho, Muganyizi, nalo si mawaidha. Deo anaijua lodge hiyo, anasema vyumba vyake vyote viko juu. Bibi yako hajawahi kupanda nyumba ya ghorofa maishani mwake, na hatakubali kukuambia. Mshike mkono kwenye ngazi. Kupanda, kaa nyuma yake. Kushuka, kaa mbele, ili akiteleza akuangukie wewe.

Baba yako,
Ferdinandi